Pointi ya Fokasi Haikai Unapoitaka: Dalili, Chanzo na Tiba

Ikuze picha ya uso wa mtu kwenye skrini ya kamera. Kope zimefifia kana kwamba unazitazama kupitia maji, lakini hereni ya sikio inaonekana hadi mkwaruzo wake. Hapo autofokasi haikushindwa. Imefanya kazi yake sawasawa, ila imeifanyia mahali ambapo hukuitaka. Malalamiko mengi ya "autofokasi mbovu" ni ya aina hii: pointi ya fokasi, yaani mahali kamera inapoelekeza ukali wa picha, imechaguliwa, na aliyeichagua si mpiga picha. Ni kamera yenyewe, au kitambua nyuso, au skrini iliyoguswa na pua, au mpangilio uliowekwa zamani ukasahaulika. Kabla ya kuipeleka lenzi kwa fundi, jiulize kwanza: pointi hii kaichagua nani?

Mwongozo huu unafuata dalili, si menyu. Majina ya menyu hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, hata kati ya toleo na toleo la kamera ileile, lakini vyanzo vya matatizo ni vilevile. Tofauti moja tu ni lazima uijue tangu mwanzo. Kamera za kioo, zile ambazo kioo chake hunyanyuka wakati wa kupiga, zina sensa (kipokea mwanga) ya pekee ya fokasi iliyokaa chini ya kioo. Kamera zisizo na kioo hufokasi kwa kutumia sensa ileile inayopiga picha. Matatizo kadhaa hapa chini ni ya aina moja tu kati ya hizo mbili, na ukilijua hilo utajiepusha na kazi ya bure.

Kwanza hakikisha tatizo ni la pointi

Kuza picha hadi asilimia 100 na uipitie yote, si uso tu. Ukikuta sehemu yoyote iliyo kali, iwe sikio, ukosi wa shati au ukuta wa nyuma, basi fokasi ilishika, ila pasipo pake. Endelea kusoma.

Ukikuta hakuna kilicho kali, na kingo za vitu zimejirudia kuelekea upande mmoja, huo ni mtikisiko wa mkono. Pointi haina kosa. Ongeza kasi ya shata, yaani fupisha muda wa kupokea mwanga: kwa lenzi ya milimita 200 anza na 1/200 ya sekunde, na kwa kamera yenye megapikseli nyingi ni salama zaidi kwenda 1/400. Kama mandhari ya nyuma ni makali na mkono wa mtu ndio umefifia, ni yeye aliyesogea, na dawa ni ileile ya kasi.

Ukungu wa duara usio na upande, bila sehemu hata moja iliyo kali, unamaanisha kamera ilipiga kabla fokasi haijashika. Ruka hadi sehemu ya kamera inayopiga bila fokasi.

Kisha washa alama ya pointi kwenye uchezaji wa picha. Canon wameiweka ndani ya menyu ya kuangalia picha. Nikon wameiweka kwenye chaguo za nini kionyeshwe wakati wa kuangalia picha. Kamera nyingi nyingine za karibuni zinayo pia. Ni kipimo bora kuliko kumbukumbu yako, kwa sababu kinakuonyesha kamera ilitumia pointi gani, hata kama wewe unaapa ilikuwa nyingine. Kina kasoro moja: kama ulifunga fokasi kisha ukageuza kamera ili kupanga picha, alama itaonekana pale pointi ilipo ndani ya fremu, si pale ulipofokasi mwanzo.

Na kama kila kitu ni ukungu ukichungulia lakini picha zinatoka kali, zungusha kigurudumu kidogo kilicho pembeni ya kitazamio hadi maandishi ya ndani yasomeke vizuri. Hicho ni cha kurekebisha macho yako, hakigusi fokasi ya lenzi.

Pointi haisogei kabisa

Angalia gurudumu la modi kwanza. Kwenye modi ya otomatiki kamili kamera nyingi hazikuruhusu kuchagua pointi, na menyu zinazohusika hupotea au kuwa za kijivu. Hamia modi ambazo wewe unaamua zaidi: P, A/Av, S/Tv au M.

Kama modi ni sawa, angalia eneo la fokasi. Eneo pana la otomatiki linamaanisha kamera ndiyo inayochagua, kwa hiyo hata ukibonyeza mishale hadi kidole kiume, hakuna kitakachosogea. Chagua pointi moja. Kwenye kamera nyingi za kioo za Nikon kuna swichi ya AF/M (autofokasi au fokasi ya mkono) kando ya lenzi yenye kitufe katikati yake: shikilia kitufe hicho, gurudumu la nyuma libadilishe aina ya fokasi na la mbele libadilishe eneo. Kwenye Canon nyingi, bonyeza kitufe cha pointi kilicho pembe ya juu kulia nyuma ya kamera, kisha tumia magurudumu au mishale ndani ya sekunde chache kabla kipima muda hakijaisha.

Halafu njoo kwenye kufuli. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi, na inasikitisha kuona mtu akipoteza siku nzima ya kazi kwa ajili ya swichi ya ukubwa wa punje ya mchele. Kamera kadhaa za Nikon zina swichi ya L inayozunguka kitufe cha mishale. Ikikaa kwenye L pointi imefungwa, na begi la kamera linaweza kuisukuma lenyewe. Canon za daraja la kati na la juu zina swichi ya LOCK, na kwenye menyu unachagua inafunga nini: gurudumu la mbele, la nyuma, au kijiti cha kuelekezea. Fujifilm zenye kijiti zina mpangilio wa kukizima kabisa au kukitaka kibonyezwe kwanza.

Yakibaki hayajaisha, bonyeza kitufe cha shata nusu kuiamsha kamera, kisha jaribu mishale. Nikon nyingi hazisogezi pointi mpaka kipima mwanga kiwe macho. Kagua pia swichi ya AF/MF ya lenzi, na kama umewasha zumu ya kidijitali, izime. Zumu hiyo mara nyingi huondoa uhuru wa kuchagua pointi bila kukueleza.

Kuna wanaolalamika kwamba inabidi wabonyeze kitufe kingine kwanza ndipo mishale ifanye kazi. Huo ni mpangilio wa kiwandani wa Canon kadhaa. Ingia kwenye menyu ya kubadilisha kazi za vitufe, ukikabidhi kijiti au mishale kazi ya kuchagua pointi moja kwa moja. Ni badiliko la dakika moja, na hakuna lingine linaloongeza kasi ya kazi kama hilo.

Pointi inasogea yenyewe

Shuku pua. Kwenye kamera zisizo na kioo zenye skrini ya kugusa, skrini inaweza kufanya kazi ya kusogeza pointi huku umeweka jicho kwenye kitazamio. Pua ikigusa, pointi inakimbilia pembeni. Wanaochungulia kwa jicho la kushoto ndio wanaoumia zaidi, maana pua yao inaangukia juu ya skrini. Huna haja ya kuizima kabisa: kamera nyingi hukuruhusu kuweka nusu ya kulia tu, au hata robo ya juu kulia, na kuchagua msogeo wa kufuata kidole badala ya kuruka hadi pale palipoguswa.

Kama pointi inabadilika unapoigeuza kamera kutoka mlalo kwenda wima, hiyo si hitilafu. Canon, Nikon, Sony na Fujifilm wote wana chaguo la kukumbuka pointi tofauti kwa kila mkao: mlalo, wima wa kulia na wima wa kushoto. Kwa mpiga picha za watu ni zawadi kubwa, kwa kuwa jicho liko juu ya fremu katika mikao yote na pointi inakuwa tayari inakusubiri pale. Lakini iwashe ukijua. Aliyewashiwa bila kujua huona pointi imepotea kila anapogeuza kamera. Canon wanatofautisha pia kati ya kukumbuka pointi pekee na kukumbuka pointi pamoja na aina ya eneo. Hilo la pili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu ukienda wima ghafla pointi moja inageuka kuwa eneo pana.

Pointi ikirudi kila unapozima kamera au kuzungusha gurudumu, tazama kama uko kwenye modi ya mtumiaji, yaani C1, C2, U1, U2 na kadhalika. Modi hizo huita mipangilio iliyohifadhiwa, na mabadiliko uliyofanya baadaye hufutika. Kwenye Nikon inabidi uhifadhi upya kwa menyu. Canon wana chaguo la kusasisha zenyewe. Ukiliwasha, kila unachogusa kinahifadhiwa, pamoja na makosa yako.

Dalili ya mwisho katika kundi hili: uliweka pointi juu ya ua mkononi mwa mtu, na kamera ikashika uso. Kitambua nyuso kimekupokonya pointi. Kamera nyingi hukipa kitambua nyuso kipaumbele juu ya pointi popote uso unapoonekana ndani ya eneo linaloangaliwa. Usikizime kwenye menyu kila mara. Kikabidhi kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima. Na kama kimeshika mtu asiye wako kati ya watu kadhaa, mishale ya kushoto na kulia kwa kawaida hukuhamishia uso mwingine.

Pointi zimepungua, au nyingine hazichaguliki

Wakati mwingine ndivyo kamera ilivyo. Nikon D500 ina pointi 153, lakini mtumiaji anaweza kuchagua 55 tu. Nyingine ni wasaidizi wa zile 55. Wakati mwingine ni menyu inayopunguza idadi: Nikon D750 yenye pointi 51 inaweza kuwekwa ionyeshe 11, na Fujifilm X-T3 huchagua kati ya 425 na 117. Kupunguza si hasara. Ukiwa na safu 25 kwa upana, kutoka katikati hadi ukingoni ni mibonyezo 12. Ukiwa na safu 13 ni mibonyezo 6. Kwa anayefuata watoto wanaokimbia, sita ni bora.

Wakati mwingine ni lenzi. Sensa ya fokasi ya kamera za kioo inahitaji mwanga wa upana fulani, mara nyingi f/5.6 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikikua, tundu linapungua). Ukifunga kiongeza urefu cha 1.4× kwenye lenzi ya f/5.6 inakuwa f/8, na kwa kamera nyingi za kioo inabaki pointi ya katikati peke yake, au hakuna kabisa. Cha 2× kinakupeleka f/11. Kamera zisizo na kioo huvumilia zaidi, ingawa pointi za pembeni zinaweza kupotea pia.

Pointi ilikuwa jichoni, lakini sikio ndilo kali

Hapa ndipo penye utata mwingi zaidi, kwa sababu vyanzo vinne tofauti hutoa picha inayofanana.

Cha kwanza ni ukubwa halisi wa pointi. Kiboksi unachokiona kwenye kitazamio cha kamera ya kioo ni alama tu. Eneo ambalo sensa inasoma kwa kawaida ni kubwa kuliko kiboksi hicho. Ukiweka kiboksi juu ya jicho la mtu aliye mbali, nywele zenye mistari mikali pembeni ya jicho zimo ndani ya eneo, na kamera hupenda penye tofauti kubwa ya mwanga na giza. Ngozi laini haina mistari ya kushika. Nyusi, ukingo wa miwani na hereni vinayo. Tumia pointi ndogo zaidi iliyopo, au sogea karibu ili jicho lizidi kiboksi. Ukilenga, lenga pale kope la juu linapokutana na weusi wa jicho, si katikati ya shavu.

Cha pili ni kufokasi kwa pointi ya katikati kisha kugeuza kamera. Mazoea haya yana gharama ambayo inaweza kupigiwa hesabu. Chukua lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya sensa kamili (full frame), tundu likiwa f/1.8, mtu akiwa mita 1.5. Kina cha fokasi, yaani ukanda unaoonekana mkali, ni kama sentimita 3.4 tu: takribani 1.7 mbele na 1.7 nyuma. Umefokasi jichoni, ukaigeuza kamera digrii 10 ili jicho likae juu ya fremu. Bapa la fokasi limegeuka pamoja na kamera, na sasa linapita sentimita 2.3 nyuma ya jicho. Jicho limetoka nje ya ukanda, na ukanda umesogea nyuma kuelekea masikioni. Hakuna fundi atakayekutengenezea hilo. Isogeze pointi yenyewe hadi jichoni, au funga tundu: kwa f/4 ukanda unafika kama sentimita 7.5, na kosa la sentimita 2.3 linamezwa. Kwa f/8, au mtu akiwa mita 5, geuza kamera utakavyo.

Cha tatu ni muda. Kwenye fokasi ya mara moja, inayoitwa One Shot au AF-S, kamera ikishashika inafunga na haifuati tena. Anayepiga picha akiwa amesimama huyumba mbele na nyuma anapopumua, na anayepigwa naye hivyohivyo. Kwa ukanda wa sentimita tatu, hiyo inatosha kuharibu. Hamia fokasi endelevu, AI Servo au AF-C, na uiache pointi juu ya jicho mpaka shata ibonyezwe. Jihadhari na modi ya kati, AI Focus au AF-A, ambayo kamera inaamua yenyewe kama kitu kinasogea au la. Ushauri wetu ni kuiacha kabisa. Huamua kwa kuchelewa, nawe hujui imeamua nini.

Cha nne ndicho watu hukikimbilia kwanza ilhali kinapaswa kuwa cha mwisho: lenzi na kamera ya kioo kutokubaliana, fokasi ikaangukia mbele au nyuma kila mara. Dalili yake ya kweli ni uthabiti. Kosa likiwa la upande mmoja na la kiasi kilekile kwenye kitu kisichosogea, shuku hilo. Likiwa leo mbele kesho nyuma, rudi kwenye vyanzo vitatu vya juu.

Kulipima, weka kamera kwenye tripodi. Simamisha ubao au kitabu chenye maandishi makubwa, uso wake ukitazamana na sensa bila kuinama, na kando yake laza rula kwa digrii 45, namba zikianzia mbele ya kitabu na kuishia nyuma yake. Umbali uwe kama mara 50 ya urefu wa lenzi: kwa milimita 50, mita 2.5. Fungua tundu lote, tumia pointi ya katikati, fokasi ya mara moja, kipima muda cha sekunde 2. Piga mara tano, na kabla ya kila pigo izungushe fokasi hadi mwisho ili kamera ianze upya. Kisha piga tano nyingine kwa kutumia skrini ya nyuma, kwa kuwa hapo kamera ya kioo nayo hufokasi kwa sensa ya picha yenyewe. Ikiwa za skrini ni kali kwenye kitabu na za kitazamio ni kali kwenye rula nyuma ya kitabu, umepata ushahidi. Ingia kwenye marekebisho madogo ya fokasi. Canon na Nikon zilizo nayo huenda kutoka −20 hadi +20, na alama ya kutoa huvuta fokasi kuja kwako. Anza na hatua tano, piga tena tano, punguza au ongeza. Ukifika −20 na bado, hapo ndipo fundi anahitajika.

Mwenye kamera isiyo na kioo anaweza kuiruka aya hiyo. Sensa inayofokasi ndiyo inayopiga, kwa hiyo hakuna viungo viwili vya kutokubaliana.

Fokasi endelevu inaruka kwenda nyuma au kwa mtu mwingine

Mchezaji anakimbia, mwamuzi anapita mbele yake sekunde moja, na kamera inaondoka na mwamuzi. Au ndege anaruka, na kamera inarudi kwenye miti. Rekebisha mambo mawili, na yafuate kwa mpangilio huu.

La kwanza ni ukubwa wa eneo. Pointi moja inahitaji mkono thabiti sana. Ikiteleza kidogo nje ya mtu, inasoma mandhari. Eneo pana linashika chochote kilicho karibu zaidi. Kati ya hizo mbili kuna pointi iliyopanuliwa, ambapo pointi uliyochagua inasaidiwa na majirani zake wanne au wanane. Anza na hiyo kwa michezo. Kwa ndege kwenye anga tupu, eneo pana ni sawa kabisa. Kwa ndege kati ya matawi, rudi kwenye pointi moja ndogo.

La pili ni unyeti wa kufuatilia: kamera ikubali kuhama upesi au ing'ang'anie. Hapa kuna mtego wa namba. Canon hutumia −2 hadi +2, na kutoa ni kung'ang'ania. Nikon zenye ngazi 1 hadi 5 hung'ang'ania zaidi kwenye 5. Sony zenye ngazi 1 hadi 5 ni kinyume: 5 ni ya kuhama upesi na 1 ni ya kung'ang'ania. Aliyehama kutoka Nikon kwenda Sony akaweka 5 kwa mazoea amejitengenezea tatizo lenyewe. Kwa mchezaji anayezibwa na wengine, ng'ang'ania. Kwa vitu vinavyojitokeza ghafla kimoja baada ya kingine, kama waendesha baiskeli kwenye kona, ruhusu kuhama. Badilisha hatua moja tu kwa wakati, upige angalau mfululizo kadhaa kabla ya kuhukumu.

Lenzi inaenda na kurudi bila kushika

Pointi imetua mahali pasipo na mstari wa kushika: ukuta mweupe, anga, shati jeusi. Isogeze hadi kwenye ukingo wowote ulio umbali uleule.

Kama mistari ipo na bado haishiki, huenda ni mwelekeo wake. Pointi za kawaida husoma mistari ya upande mmoja tu. Za msalaba husoma pande zote mbili. Kwenye Canon EOS 5D Mark III, hadi 41 kati ya 61 ni za msalaba. Kwenye Nikon D750 ni 15 kati ya 51, zote zikiwa eneo la kati. Kamera nyingi zisizo na kioo hazina za msalaba, na mapazia yenye mistari ya mlalo huzisumbua hata mchana. Jaribio ni rahisi: igeuze kamera wima. Ikishika papo hapo, umepata jibu. Shika, funga fokasi, rudisha mlalo upige.

Gizani tumia pointi ya katikati na lenzi yenye tundu kubwa. Taa ndogo ya kusaidia fokasi kwa kawaida huwaka kwenye fokasi ya mara moja tu, na kwa kamera nyingi za kioo za Nikon, ukiwa kwenye pointi moja, inataka iwe ya katikati. Ndiyo maana watu husema taa imekufa ilhali wamesogeza pointi pembeni. Baadhi ya kamera zisizo na kioo hufokasi huku lenzi imefungwa kwa f uliyoweka: ukiwa f/11 ukumbini, zinaomba mwanga ambao umeuzuia wewe mwenyewe.

Mengine ya haraka: uko karibu kuliko umbali wa chini wa lenzi, swichi ya kikomo cha umbali kwenye lenzi ndefu au ya makro imewekwa kuanzia mita kadhaa na kuendelea, kichujio cha polaraizi cha mstari kiko kwenye kamera ya kioo, wakati inahitaji cha mviringo, au viunganishi vya dhahabu nyuma ya lenzi ni vichafu. Vifute kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi.

Shata inagoma, au inapiga bila fokasi

Inategemea kipaumbele kilichowekwa. Kipaumbele cha fokasi hugoma kupiga mpaka kamera iridhike. Kipaumbele cha shata hupiga unapobonyeza, iwe imeshika au la. Nikon kwa kawaida hutoka kiwandani na kipaumbele cha fokasi kwa AF-S na cha shata kwa AF-C, na hiyo ndiyo sababu ya wengi kupata mfululizo wa picha ambao zile za mwanzo ni ukungu. Weka fokasi au usawa kwa AF-C, hasa kwa picha ya kwanza.

Ukibonyeza nusu na hakuna chochote kinachotokea, huenda kazi ya kufokasi imehamishiwa kitufe cha nyuma cha AF-ON na kuondolewa kwenye shata. Kibonyeze. Ni mpangilio mzuri sana kwa anayeuelewa: unaposhikilia kamera inafuata, unapoachia imefunga, bila kubadilisha modi. Ila ukimkabidhi mwenzako kamera yako akupige picha, mwambie, la sivyo atakurudishia ukungu.

Ukihifadhi mipangilio

Kwa picha za watu hifadhi kwenye modi ya kwanza ya mtumiaji: AF-C, pointi moja ndogo au kitambua jicho kikiwa na kitufe chake cha kuzima, pointi tofauti kwa mlalo na wima, kipaumbele cha fokasi. Kwa michezo, modi ya pili: AF-C, pointi iliyopanuliwa, unyeti hatua moja kuelekea kung'ang'ania, idadi ndogo ya pointi za kuchagua. Kabla ya kuhifadhi, peleka pointi pale unapoitaka ianzie na ufungue kufuli. Ukimaliza, zungusha gurudumu hadi modi nyingine, zima kamera, washa, rudi, ubonyeze shata nusu katika mlalo, kisha wima kulia, kisha wima kushoto. Ikiwa pointi imetua unapoitaka mara zote tatu, imehifadhika.